Amana ya Mfalme Jeilani

Siku Kamaludin alipomtia Jeilani machoni kwa mara ya kwanza, alikuwa amesimama gatini Mtangawanda, amekumbatia cherehani yake, hajui amwite nani. Boti ya abiria kutoka Lamu ilikwisha kumwaga watu na mizigo, na waendesha pikipiki walikuwa wakivutana abiria kwa mikono na kwa matusi ya kirafiki. Kamaludin tangu utotoni hakujua kumwita mtu kwa sauti. Aliona heri angoje wote waishe, ndipo yule atakayebaki ambebe.

Hapo mtu mmoja mrefu mwenye ndevu zilizochongwa vizuri akapanda juu ya kreti ya samaki, akanyoosha mkono mbele na kunguruma.

"Nani huyu aingizaye mzinga katika nti yangu bila idhini?"

Watu wote gatini waligeuka. Kamaludin naye akageuka kutazama nyuma yake, akakuta bahari tupu.

"Wewe! Mwenye mzinga mweusi! Umetumwa na nani?"

"Ni cherehani," alisema Kamaludin, na neno lenyewe likamtoka nusu.

"Mmesikia? Adui ameerevuka. Amekuja kutushona midomo!"

Gati zima likaangua kicheko. Mwendesha pikipiki mmoja akapiga kelele, "Mfalme, mwache mgeni, atajitosa majini huyo!" Yule mtu akashuka kwenye kreti, akaja akamwamkia Kamaludin kwa adabu kamili, akashika upande mmoja wa cherehani.

"Usihofu, fundi," alisema. "Mimi ni kinyozi tu. Ufalme wangu ni wa siku moja kwa mwaka, na siku hiyo haijafika. Nafanya mazoezi."

Hivyo ndivyo Kamaludin alivyoingia Faza. Alikuwa mtu wa Lamu mjini, mtaa wa Langoni, aliyemaliza darasa la saba akaingia kwa fundi wa kanzu na asitoke tena. Mkewe alikuwa wa Faza, na mama mkwe alipoanza kuugua wakahamia huko. Chumba alichopata cha kushonea kilipakana na kinyozi, ukuta mmoja wa mawe ya matumbawe katikati, na karibu na dari ukuta huo ulikuwa na tundu lililopitisha kila neno. Hata kama Kamaludin asingetaka kumjua Jeilani, angemjua.

Jeilani alizaliwa papo hapo Faza. Baba yake alikuwa kinyozi na ngariba, naye alirithi kiti na nyembe lakini ungariba akauacha, kwa sababu kila mtoto alipolia yeye alilia naye, na wazee wakasema huyu atakuja kumkata mtu pasipostahili. Aliwahi kwenda Mombasa kutafuta maisha, akarudi upesi. Alipoulizwa kwa nini, alisema kule unaweza kumchekesha mtu tangu asubuhi asicheke, kwa sababu ana haraka. Alimwoa Bi Alawiya, mwanamke wa Siyu, mwenye maneno machache na macho makali. Walikaa muda mrefu bila mtoto. Majirani walikuwa wamekwisha kuanza kumshauri Jeilani aongeze mke ndipo akazaliwa Rayyan, naye akawa wa kwanza na wa mwisho.

Kuhusu ufalme, mambo yalikuwa hivi. Kila mwaka, katika wiki ya Idi ya kuchinja, wanaume wa Faza walicheza mchezo wa zamani kwenye kiwanja cha mpira. Haukuandikwa popote. Baba alimfundisha mwana, na aliyesahau alisukumwa na watazamaji. Ulikuwa mchezo wa mfalme wa mji uliozingirwa na maadui. Visima vimetiwa chumvi, watoto wanalia, mawaziri wamegawanyika, na mfalme hapati usingizi. Mwishowe Amiri wa maadui anadai mwana wa mfalme. Mfalme anamshika mwanawe mkono, anamtoa hadi langoni mwa mji, anautia mkono ule katika mkono wa Amiri na kusema: "Huyu ni jicho langu. Simtoi kwa hofu, namtoa kwa amana, mbele ya Mungu na mbele ya watu hawa. Ukiivunja, hukunivunjia mimi." Amiri anaondoka na kijana. Kisha anasimama, anatetemeka, anarudi naye, kwa kuwa amana imemshinda nguvu. Vita vinaisha hapo. Ngoma zinapigwa, wali unapakuliwa.

Jeilani alimcheza mfalme huyo mwaka baada ya mwaka, na Kamaludin ndiye aliyemshonea joho jeusi lenye utepe wa dhahabu. Katikati ya huzuni ya mfalme alikuwa akichomeka maneno yake mwenyewe. "Mawaziri, mbona mezani hamna kamba? Au watu wa Kizingitini wamewauza wote hata mawe waliyolalia?" Watu wa Kizingitini, kijiji jirani cha wavuvi, wakazomea, wengine wakashika mbavu. Lakini ilipofika pale langoni hakuna aliyecheka. Hata Bakr, mwenye duka la barafu, ambaye ndiye alikuwa Amiri, alikiri kwamba kila mwaka mkono wa yule kijana ukitiwa katika wake, mwili humsisimka.

Maana amana huko si neno la mchezo. Mtu wa Faza akisafiri alimwachia jirani ufunguo, dhahabu ya mkewe, hata binti yake, akasema mbele ya watu wawili, "Hii ni amana," basi akaenda zake. Kamaludin hakuwahi kusikia imeliwa.

Kila alasiri, wateja wakipungua, Jeilani alibisha ukutani kwa mpini wa mkasi.

"Fundi! Umekufa?"

"Nipo."

"Wewe na cherehani yako mmepatana. Yeye asema, wewe wanyamaza. Ndoo huku, tunywe kahawa."

Na Kamaludin akaenda, akakaa kwenye benchi la kinyozi, akasikiliza. Mtu mwenye haya akipata rafiki msemaji huwa amepata kivuli. Hakutakiwa kusema lolote, na bado alihesabiwa kuwa yupo.

Kisha vita vikaja, na havikuwa kama vya mchezoni. Hakuna aliyezingira mji. Vilikuwa upande wa bara, msituni, na Faza vilifika kwa habari: basi limesimamishwa, kijiji kimehamwa, barabara imetegwa bomu. Helikopta zikawa zinapita juu ya mapaa kuelekea kaskazini. Uvuvi wa usiku ukapigwa marufuku, na nyumba zilizoishi kwa samaki wa usiku zikaanza kula mara moja. Walikuwapo vijana waliovuka kweli kwenda upande wa pili, kwa wapiganaji wa msituni, hakuna aliyeweza kukataa. Na walikuwapo waliochukuliwa ambao hawakuvuka popote. Watu wakajifunza kusalimiana na kupita.

Wakubwa wa serikali wakaja wakaitisha baraza, wakataka kila mtaa uwe na mzee wa nyumba kumi, mtu wa kujua nani amelala wapi na nani ameingia na mgeni gani. Watu wakatazama chini. Hakuna aliyeitaka kazi ile. Ndipo sauti moja ikatoka nyuma, kwa mzaha: "Si tuna mfalme?"

Watu wakacheka, na kicheko kilikuwa adimu siku zile. Jeilani, ambaye hakuwahi kuketi wakati watu wakimtazama wanacheka, akasimama. Akainama kama ainamavyo mchezoni. Wakubwa wakapiga makofi, na kazi ikawa yake.

"Umefanya nini?" Bi Alawiya alimwuliza jioni ile, na Kamaludin akasikia kila kitu tunduni.

"Ni mtaa tu, Alawiya. Si nti nzima."

"Nti ni mitaa."

Jeilani alijitahidi. Kijana akishukiwa, alikwenda ofisini kumtetea, na mara nyingi alirudi naye. Akiona nyumba ina wageni wasiojulikana, aliwaendea wenyewe kwanza kabla ya kusema kwa wakubwa. Lakini mtu hukaa kitini, akainua kidevu, akakabidhi shingo yake kwa wembe, na sasa mwenye wembe alikuwa pia masikio ya serikali. Wateja wakaanza kwenda kunyolewa kwingine. Waliobaki walinyolewa kimya. Upande wa pili nao ukamtumia maneno kwenye simu, kwamba wanajua mlango wake. Akaacha kulala. Asubuhi Kamaludin alimkuta ameketi kwenye kiti chake mwenyewe cha kunyolea, anatazama kioo.

"Fundi," alisema siku moja, "yule mfalme nilimcheza vibaya. Nilidhani hapati usingizi kwa sababu ya adui. Kumbe ni kwa sababu ya watu wake."

Aliyeendelea kuja bila hofu alikuwa Kipchumba, afisa kijana wa usalama kutoka Baringo, aliyekuwa na kituo chake hapo Faza. Kila Jumamosi alinyolewa, na Jeilani akawa anamfundisha maneno ya Faza. "Sema ndia." "Njia." "Ndia, mwanangu. Ukisema njia utapotea." Aliwahi kula pilau ya Idi nyumbani kwa Bi Alawiya, akasifu mpaka akaongezwa mara mbili. Mwaka mmoja alivishwa kilemba akasimama kati ya askari wa mfalme, akasahau neno lake moja tu alilopewa. Watu walimpenda.

Rayyan wakati huo alikuwa kijana kamili, mzamiaji wa kamba wakubwa wa miambani. Alikwenda na mashua za Kizingitini mpaka kaskazini, karibu na mpaka, kwa sababu huko ndiko kamba walikobaki. Ndipo ikatokea kwamba mtu mmoja alikamatwa bara, na katika simu yake ikakutwa nambari ya Rayyan. Huenda alinunua kamba kwake. Huenda ni kingine. Baraza likaitishwa. Mkubwa mmoja mgeni akasema wote waliokwenda mpakani waje wenyewe waulizwe maswali, na wazee wawe wa kwanza kuwaleta. Jeilani akasimama mbele ya watu kutafsiri, akasema kwa sauti yake ile, "Wenye watoto wawalete. Asiye na kosa hana hofu." Baada ya hapo yakatajwa majina. La Rayyan lilikuwa la pili.

Siku iliyofuata ugomvi ulikuwa dukani mwa kinyozi, mchana kweupe, mlango umerudishwa. Kamaludin aliondoa mguu kwenye cherehani.

"Aende Lamu kwa mjomba wake," Bi Alawiya alisema. "Tutafute wakili, aende na wakili."

"Akienda Lamu watasema amekimbia."

"Waseme."

"Alawiya, mimi ndiye niliyesimama nikawaambia watu wawalete watoto wao. Jaafar jirani yetu amemleta wake. Wangu nimfiche? Nitawatazama vipi?"

"Watu wa kuwatazama utawapata wengine. Mwana hutapata mwingine."

Rayyan mwenyewe akacheka kidogo. "Mama, sina kitu. Wataniuliza, nitawajibu, nitarudi kabla samaki hajaoza."

Halafu mkasi ukabisha ukutani. "Fundi. Umesikia yote, usijifanye. Nipe neno."

Kamaludin aliinuka. "Msiende peke yenu," alisema, akielekeza uso kwenye tundu. "Nendeni na watu. Waone."

"Umeona?" Jeilani akamwambia mkewe, na sauti yake ikapata nguvu. "Mbele ya watu. Nitamkabidhi Kipchumba mwenyewe, mkono kwa mkono, mbele ya watu. Kipchumba amekula kwetu."

Bi Alawiya alitoka, na buibui lake likagusa kizingiti cha Kamaludin akipita.

Asubuhi walikwenda Mtangawanda, Jeilani, Rayyan, Bakr, Kamaludin na wanaume wengine wa mtaa. Boti ya maafisa ilikuwa ikinguruma tayari. Kipchumba alisimama ukingoni, kofia mkononi, uso wake mwema kama kawaida. Jeilani akamshika mwanawe mkono, akamtembeza gati lile refu, na watu wakafuata nyuma. Alipofika akautia mkono wa Rayyan katika mkono wa Kipchumba, akaishika yote miwili.

"Kipchumba," alisema, "huyu ni jicho langu. Simtoi kwa hofu. Namtoa kwa amana, mbele ya Mungu na mbele ya watu hawa."

"Baba," Rayyan akanong'ona, uso umemwiva kwa haya, "hapa si kiwanjani."

"Hakuna shida, mzee," alisema Kipchumba. "Ni maswali tu. Jioni mko naye."

Kamaludin alimtazama Jeilani usoni. Alitulia kabisa. Kwa mara ya kwanza tangu awe mzee wa mtaa, alionekana mtu aliyelala vizuri. Alikuwa amefanya kama ifanywavyo. Neno lilisemwa, mashahidi walikuwapo, mkono ulipokea. Boti ikang'oa nanga, na Rayyan akaketi nyuma akiwapungia watu mkono upande upande, kwa maringo, akimwiga baba yake. Watu wakacheka.

Jioni hakurudi. Wala kesho yake, wala baada ya Ijumaa.

Jeilani alianza kwenda. Alikwenda Mokowe, akaenda kituo cha Hindi, akaenda Mpeketoni, akafika hadi Mombasa. Kila mahali alikuta mtu nyuma ya meza, na kila mtu akamwambia jina hilo halipo kwao. Wengine walimwambia kwa upole, wakampa hata maji ya kunywa. Jaafar alipata kumwona mwanawe, alikuwa rumande Mombasa, amekonda lakini hai, na akashitakiwa na baadaye akaachiwa. Huyo hakuwa amechukuliwa pamoja na Rayyan. Hakujua lolote.

Kipchumba hakuja tena kunyolewa Jumamosi. Siku moja aliingia kwa Kamaludin kupunguza suruali ya kazi, akiongea kwa sauti ya chini, lakini tundu lilikuwa pale pale.

"Kipchumba." Sauti ilipita ukutani. "Ndoo."

Afisa akafumba macho. Kisha akaenda, na Kamaludin akabaki na suruali mkononi, akisikiliza.

"Yuko wapi?"

"Mzee, nilikuambia. Nilifika naye Mokowe. Gari lilikuwa linangoja. Watu wa gari wakasema nimeshamaliza kazi yangu, nirudi. Nikarudi."

"Watu gani?"

"Hawakuvaa uniformu, mzee. Walikuwa na oda kutoka juu. Nimeuliza. Nikauliza tena. Nikaambiwa nikiuliza mara ingine nitajua sababu."

"Amana hupokewa kwa mkono, Kipchumba. Mkono ulikuwa wako."

"Mzee, mimi nilidhani... nilidhani ni yale maneno yenu ya mchezo. Nikasema nikujibu vizuri tu, usiwe na wasiwasi. Sikujua ni kitu cha kweli."

Kamaludin alingoja asikie kelele, au kofi, au kilio. Alisikia maji yakimiminwa na brashi ikizungushwa kwenye sabuni.

"Keti," Jeilani alisema. "Nywele zimekuwa refu."

Alimnyoa mpaka mwisho. Baada ya wiki kadhaa Kipchumba akapewa uhamisho, akaondoka kwa boti ya alfajiri bila kuaga mtu.

Nyumbani kwa Jeilani maneno yalikwisha. Bi Alawiya alimpikia, akamfulia, akamwekea maji ya kuoga, na hakumsemesha. Neno lake la mwisho lilikuwa lile alilomwambia siku aliposikia kisa cha Mokowe, mlangoni, mbele ya majirani: "Umemtoa mwanangu kama mchezo."

Mwaka ukazunguka. Wiki ya Idi ilipokaribia, wanaume walikutana kwa Bakr na kukubaliana kwamba mfalme achezwe na mtu mwingine. Kabla hawajamtaja, Jeilani akaingia.

"Nani anataka joho langu?"

"Bwana Jeilani," Bakr alisema, "pumzika mwaka huu. Watu watakuelewa."

"Sitaki kueleweka. Nataka joho."

Kamaludin alilipunguza pande zote mbili, kwa maana mwili wa Jeilani ulikuwa umekwisha ndani yake. Alipompima kifua alisikia moyo ukipiga mbio kama wa ndege aliyeshikwa. Alitaka kusema, "Usicheze." Pini zilikuwa kinywani.

Kiwanja kilijaa. Mbele, chini ya turubai, waliketi wageni wa heshima, wakubwa wa serikali waliokuja kusifu amani. Wanawake walikuwa upande wa pili, na Bi Alawiya alikuwa kati yao, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Jeilani alicheza vizuri kuliko mwaka wowote. Hakuchomeka mzaha hata mmoja. Mfalme alitembea usiku wake, akawasikiliza mawaziri wake, na watu wakasahau kupepea. Kisha ikafika pale langoni. Kijana aliyecheza mwana wa mfalme akampa mkono, wakatembea polepole mpaka aliposimama Bakr na upanga wake wa bati.

Jeilani hakuutoa ule mkono.

Bakr alingoja. Watazamaji wakadhani mfalme amesahau, na kama ilivyo desturi wengine wakamsukuma kwa neno. "Huyu ni jicho langu," waliita kutoka pembeni. "Huyu ni jicho langu!"

"Mfalme," Bakr alisema, na sauti yake ilikuwa ikimwomba, "lete amana."

"Sina."

"Mfalme, mui utateketea na watu wake."

"Na uteketee," alisema Jeilani. "Mui wote na uteketee, na mimi ndani yake. Huyu simpi mtu."

Alikuwa ameukaza mkono wa kijana mpaka kijana akaanza kulia, si kwa mchezo. Chini ya turubai wageni walitazamana, na mmoja akauliza mwenzake kama hii ndiyo sehemu ya kucheka. Kisha kutoka upande wa wanawake mtu akasimama. Bi Alawiya alimtazama mumewe katikati ya kiwanja, na maneno aliyoyasema yalifika mpaka nyuma kabisa.

"Yeo ndipo umeyua?"

Hakungoja aambiwe kwa nini amejua leo, si siku ile gatini. Akageuka, akaondoka. Wanawake wakamfuata mmoja mmoja, kisha wanaume, na hakuna ngoma iliyopigwa. Wali ulibaki sufuriani. Bakr ndiye aliyeufungua mkono wa Jeilani, kidole kimoja baada ya kingine.

Tangu siku ile mchezo haukuchezwa tena Faza. Wakubwa walimwondoa Jeilani katika uzee wa mtaa, na waliofurahi walikuwa wachache kuliko mtu angedhani, maana aliyechukua nafasi yake hakumtetea mtu. Wapo waliosema amewatia vijana wao hatarini kwa kuwaaibisha wageni. Wapo waliosema ndiye mwanamume pekee Faza. Hao wa pili walisema wakiwa ndani ya nyumba zao. Yeye mwenyewe alifunga duka. Hakubisha tena ukutani. Kamaludin alikuwa akisimamisha cherehani bila sababu alasiri, akatega sikio, akasikia panya.

Bi Alawiya akataka Rayyan asomewe khitma, kisomo cha kuombea wafu. Alikwenda kwa masheikh, wakamwambia mtu asiyejulikana alipo hahesabiwi kuwa amekufa, labda kadhi ahukumu. Akasema hataki hukumu, anataka kumwombea mwanawe kama wenzake wanavyowaombea wao, alie mara moja amalize. Watu walimwonea huruma, wakamwambia kuna ndia. Siku ikisomwa khitma ya mtu yeyote wa nyumba ile, majina ya waliotangulia hutajwa ili thawabu ziwafikie, na la Rayyan litiwe humo, Mungu ndiye ajuaye. Lakini hakukuwa na maiti nyumbani, na Jeilani alikataa hata kulisikia. Kwake kumtia Rayyan katika majina yale kulikuwa kumtoa mara ya pili. Ndilo lililobaki kati ya mume na mke, jina lile, yeye akilishika huku na mkewe akilivuta kule, bila neno.

Jeilani aliugua baada ya mvua za masika. Kwanza miguu ilivimba, kisha pumzi ikawa fupi. Hospitali walimpa dawa na wakamrudisha nyumbani, na kila mtu alifahamu maana yake. Kamaludin alikwenda kila siku baada ya sala ya adhuhuri. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akampa maji kwa kijiko. Bi Alawiya aliketi chumba cha pili, mlango wazi. Wakati mwingine alasiri nzima ilipita na hakuna mmoja kati ya hao watatu aliyefungua kinywa.

Siku ya mwisho Jeilani aliamka akiwa na nguvu kidogo, kama wagonjwa wanavyopewa. Aliomba ndevu zake zichongwe. Kamaludin hakuwa kinyozi, na Jeilani alimtazama kwa jicho moja la mzaha mpaka alipomaliza. Kisha akamshika kanzu, akamvuta karibu. Sauti yake haikuwa tena ya kiwanjani, lakini aliitoa kwa nguvu, ili ifike chumba cha pili.

"Fundi. Mtanisomea khitma, najua. Mtanisomea na wali mtakula. Yakifika majina, la Rayyan msilitie kwanza. Ngojeni mimi nitangulie nikaangalie. Nisipomkuta huko, basi yu hai."